Sura ya 6: Jeshi Juu ya Vizibo vya Soda

Jirani yetu mmoja wa Nyakitonto, bibi aliyezidi miaka themanini, alipiga hodi jioni moja kuomba chumvi. Akakuta nimepanga mezani askari kumi wa udongo niliokuwa nimemaliza kuwapaka rangi usiku uliotangulia. Tukaamkiana. Kisha akainama, akamchukua mmoja kwa vidole viwili kama mtu anayechagua maharage ya mbegu, akamgeuza mgongo, akamgeuza uso, akamrudisha mahali pake.

"Wanakwenda wapi hawa, mjukuu wangu?"

"Wanakwenda Kigoma, bibi. Ni vita vya Mjerumani na Mbelgiji. Mwezi wa saba, mwaka 1916."

Akagusa majani ya kijani niliyoyabandika miguuni mwao. "Mwezi wa saba. Nyasi hizi umezitoa wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Nje ya dirisha kulikuwa na kiangazi chenyewe: vilima vya Kasulu vimekauka rangi ya majani ya chai iliyochujwa, na huku na kule mabaka meusi ya mahali moto ulipopita. Nikampa chumvi yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na mizigo yao anabeba nani?"

Sura hii ni jibu langu kwa maswali hayo mawili. Itakufundisha kutengeneza jeshi dogo la mezani kwa vitu vinavyopatikana nyanda za juu za Kigoma: udongo, masizi, katani, nta, gundi na vizibo vya soda. Ila utaratibu wake wote umetoka kwa bibi yule. Jeshi huanzia chini, kwenye ardhi linayoikanyaga. Na huanzia nyuma, kwa watu wanaolibebea.

Mchezo na mahali ulipotoka

Aliyekua karibu na wacheza bao hataona ajabu watu wazima kupigania meza. Bao letu ni uwanja wa vita uliotobolewa kwenye ubao: mashimo 32, kete 64, pande mbili zinazotekana hadi mmoja aishiwe. Lakini kete hazina uso. Ukila kete nane, hujui umemla nani.

Ulaya mchezo wa vita ulipita njia nyingine. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia aitwaye von Reisswitz alichapisha mchezo wa kufundishia maofisa wenzake: ramani, vipande vidogo vinavyosimama badala ya vikosi, na dadu za kuamua yale ambayo kamanda hawezi kuyaamua. Mwishoni mwa karne ile ile, Waingereza walianza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu kidogo, Little Wars, chenye kanuni za kupigana nao sakafuni kwa mizinga midogo ya springi. Tangu kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilipotoa Warhammer mwaka 1983, kazi hii imekuwa tasnia ya dunia nzima, na watu hukaa miezi wakipaka rangi majeshi ya visanamu vyenye urefu wa kidole gumba.

Vita vilivyopiganwa hapa pia vimo kwenye meza hizo. Wapo wachezaji Ulaya na Marekani wanaopaka rangi askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani na wale wa Kongo ya Wabelgiji, na wanafanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Niliona picha za kazi zao kabla sijashika brashi, nikatamani moja itengenezwe mahali penyewe, na mtu anayeujua udongo wenyewe.

Julai 1916

Mpaka rangi hawezi kuchagua hata rangi ya kofia kabla hajajua ni mwaka gani na ni mwezi gani. Kwa hiyo tuanze na kalenda.

Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914. Meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ililetwa vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza. Katikati ya mwaka 1916 jeshi la Kongo, Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia kutoka magharibi kwa brigedi mbili. Ya kaskazini, ya Kanali Molitor, ilishika Kigali mwezi Mei. Ya kusini, ya Mdenmark Frederik-Valdemar Olsen, ilishika Usumbura na Kitega mwezi Juni, kisha ikageukia Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe ili isitekwe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka. Septemba 19 Wabelgiji waliingia Tabora.

Wabelgiji waliitawala Kigoma hadi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Meli iliinuliwa kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote: Liemba. Nyanda za Buha, pamoja na Kasulu na Kibondo, zilibaki Tanganyika, na Urundi ikabaki kwa Mbelgiji. Mpaka ule tunaouvuka tukienda kusalimia ndugu uliwekwa na watu waliokaa mezani, wakiwa na kalamu na ramani. Ni sababu moja ya mimi kuiheshimu meza.

Kwa kazi yetu, kalenda hii inatoa mambo matatu. Ni kiangazi. Ni mwaka wa pili wa vita, kwa hiyo sare za upande wa Kijerumani zimeshachakaa, kwani meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na nguo mpya hazikuingia kwa urahisi. Na ni safari ya miguu, wiki baada ya wiki, kupitia nchi isiyo na barabara ya gari.

Udongo

Jeshi langu dogo lina watu 36: askari kumi, ofisa mmoja, watatu wa bunduki ya mashine, wanawake wawili na wapagazi ishirini. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 5. Ukimweka mtu wa kawaida kwenye urefu huo, kila kitu chake kinapungua takriban mara 34. Nyasi ya kufika goti inakuwa milimita 15. Bunduki yake inakuwa karibu na njiti nzima ya kiberiti, na njiti ndiyo utakayotumia.

Chota udongo wa kufinyangia bondeni, kwenye maji, sio ule wa shambani. Mfinyanzi yeyote wa jirani atakuonyesha alipo, na ukimkuta kazini mwamkie kwanza na usubiri amalize chungu alichokishika. Uponde, utoe mawe na mizizi, kisha uchanganye na unga wa vigae: vunja chungu kilichopasuka, saga vipande, chekecha, tia kiasi cha kiganja kimoja kwa viganja vitano vya udongo. Vigae vimeshapita motoni na havisinyai tena, kwa hiyo vinaushika udongo mbichi usipasuke. Hata hivyo kazi yako itasinyaa kiasi cha sehemu moja ya kumi kabla haijatoka motoni, kwa hiyo finyanga mtu wa sentimita 5 na nusu.

Usitie waya ndani. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, na mguu utakatika. Nguvu itoke kwenye umbo lenyewe. Miguu ya askari aliyesimama ishikamane kuanzia gotini kwenda juu. Mikono iguse mwili. Bunduki ikae kifuani. Wakati udongo ungali laini, toboa kwa sindano mahali njiti itakapopita. Anika kivulini siku saba hadi kumi, kisha weka visanamu siku nzima pembeni mwa mafiga vikiwa mbali na ndimi za moto. Maji yaliyobaki ndani yakikutana na moto mkali hugeuka mvuke na kuvunja kisanamu. Baada ya hapo vichome pamoja na vyungu, chini ya nyasi na kuni, kama wanavyochoma wafinyanzi.

Katika uchomaji wangu wa kwanza visanamu kumi na vinne vilipona kati ya ishirini na viwili. Vilivyovunjika nilivisaga, nikavitia kwenye udongo wa kundi lililofuata. Kwa hiyo ndani ya mwili wa kila mmoja aliye mezani sasa yumo pia mwenzake ambaye hakufika.

Rangi

Jeshi langu la kwanza nililipaka rangi ya mafuta, ile ya milango. Iling'aa, na mng'ao ule ukafuta kila mkunjo wa nguo niliokuwa nimeuchonga kwa sindano. Kwa kisanamu tumia rangi ya maji, isiyong'aa, kwa tabaka nyembamba. Mbili nyembamba zinashinda moja nzito.

Shika kazi yako hivi: lainisha bonge la nta ya nyuki kiganjani, libandike juu ya gunzi la mahindi, kisha mbandike askari juu ya nta. Sasa unaweza kumgeuza pande zote bila kumgusa. Nta ya Kibondo inafaa sana. Haidondoki ikipoa na haiachi mafuta kwenye udongo uliochomwa.

Anza na ngozi, na hapa ninaomba ufuate njia yangu kwa makini. Vitabu vya ufundi huu humwelekeza mpaka rangi aanze kwa kufunika kisanamu chote kwa rangi moja ya msingi, nyeupe au nyeusi. Usifanye hivyo usoni. Udongo wetu ukichomwa hutoka na rangi ya kahawia yenye wekundu ndani yake, na hiyo ndiyo rangi iliyoko chini ya ngozi zetu. Iache. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ili kuziba vinyweleo vya udongo, basi. Kisha tengeneza maji ya masizi: masizi ya chini ya sufuria, maji, tone la gundi na tone la sabuni ili yatiririke. Yaguse kwenye macho, chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kati ya vidole. Masizi yatakaa mashimoni, na udongo utabaki wazi kwenye paji la uso, mifupa ya mashavu na ncha ya pua, pale jua la saa saba linapompata mtu kweli.

Udongo wa mabonde mawili tofauti hautoki motoni na rangi moja. Mmoja huiva, mwingine hupauka, wa tatu huwa na weusi wa moshi upande mmoja. Usisawazishe. Nenda mnadani Kasulu siku ya soko, simama chini ya mti, tazama nyuso kumi zinazopita. Utarudi nyumbani ukijua kwamba rangi moja kwa watu kumi ni uvivu wa jicho, na aliyekufa mwaka 1916 anastahili jicho lisilo vivu.

Halafu sare. Askari wa upande wa Kijerumani alivaa kaki, na kichwani tarbushi ndefu iliyofunikwa kaki, yenye kipande cha kitambaa cha kukinga shingo. Kwenye miundi alizungushiwa vitambaa, vya buluu katika sare za kabla ya vita. Askari wa Kongo alijulikana zamani kwa sare ya buluu na tarbushi nyekundu. Katika miaka ya vita wengi walivalishwa kaki.

Neno kaki linadanganya. Nguo za kutoka Ulaya zilipokwisha, upande wa Kijerumani ulivaa kitambaa kilichofumwa hapa nchini na kutiwa rangi ya mimea. Kila pipa la rangi lilitoa kaki yake, na kila jua liliipausha kwa namna yake. Changanya njano ya udongo, nyeupe na kahawia kidogo kwenye kifuniko cha kopo, paka askari wawili. Ongeza nyeupe, paka wawili. Ongeza kahawia, paka wawili. Mmoja mpe kiraka begani. Ukimaliza, mwaga maji ya masizi kwenye mikunjo, subiri yakauke, kisha tumia brashi kavu: chovya brashi kwenye kaki iliyopauka, ifute kwenye kitambaa hadi ionekane haina kitu, kisha ipitishe juu juu mabegani, magotini, kwenye ukingo wa mfuko. Kilichobaki kwenye brashi ni vumbi, na vumbi ndilo tunalolitaka.

Bunduki nyingi za askari wa upande wa Kijerumani mwanzoni mwa vita zilikuwa za mtindo wa mwaka 1871, zikitumia baruti ya zamani iliyotoa wingu jeupe kila zilipolia, na adui akajua ulipo. Mezani, anayefyatua namwekea kishungi cha sufi mbele ya mdomo wa bunduki. Mwanafunzi akiiona sufi ile huelewa mara moja kwa nini askari waliichukia baruti hiyo.

Kitako

Wapaka rangi wengi huacha kitako, kile anachosimama juu yake askari, hadi mwisho, kama mtu anayefagia nyumba baada ya wageni kufika. Mimi, tangu siku ya chumvi, hukitengeneza kabla askari hajaguswa na brashi. Rangi ya ardhi huamua rangi ya vumbi kwenye miguu, na vumbi la miguu hupanda hadi magotini.

Kizibo cha soda kina upana wa sentimita 3 hivi na meno 21 pembezoni. Kikigeuzwa juu chini kinakuwa bakuli dogo. Bandua mpira wa ndani. Jaza mchanganyiko wa udongo, vumbi la mbao na gundi nyeupe hadi ukingoni; uzito huo utamfanya askari asianguke meza ikitikisika. Kabla haujakauka, paka nyayo za kisanamu mafuta kidogo, mkandamize juu ya udongo ule asimame sawasawa, kisha mwinue taratibu. Ataacha alama ya nyayo zake mbili. Acha kizibo kikauke na alama hiyo ikiwa wazi. Mtu wako atarudishwa hapo baadaye kwa punje ya nta, bila gundi. Sababu yake utaiona mwisho wa sura.

Sasa ardhi. Panda kilimani, chukua udongo mwekundu wa juu, ukaange kidogo kikaangoni ili wadudu na unyevu viishe, uchekeche mara mbili. Paka gundi kwenye kizibo kuzunguka nyayo, nyunyiza udongo, pangusa uliozidi. Hapa hakuna rangi ya dukani itakayokushinda, kwa sababu hii si picha ya udongo wa Nyakitonto. Ni wenyewe. Chembe zake ni kubwa kuliko zingekuwa kwa mtu wa sentimita 5, ndiyo maana unachekecha mara mbili, lakini wekundu wake hauhitaji kusaidiwa.

Nyasi zitoke kwenye kamba ya katani. Kata nyuzi za milimita 15, zichovye kwenye chai nzito, zikaushe, zifunge vishungi vidogo, uzisimamishe kwa gundi: tatu kwenye kizibo hiki, moja kwenye kile, na kingine kiache kitupu. Halafu chukua vizibo vitano kati ya thelathini na sita, uvifanye ardhi iliyoungua: masizi juu ya udongo, majivu kidogo juu ya masizi, na vishina vya katani vilivyokatwa vifupi na kuchomwa ncha kwa njiti. Mwezi wa saba nyika yetu huwa na mabaka hayo, na mguu unaovuka baka jeusi hutoka na unga mweusi hadi kifundoni. Mpake mtu wako ipasavyo.

Ukitaka jeshi la Septemba, lile la Tabora, badilisha kidogo. Mvua haijanyesha, lakini miyombo huanza kutoa majani machanga kabla ya mvua, na majani hayo huja mekundu kama shaba kabla hayajawa ya kijani. Weka kijiti chenye chembe za wekundu huo kwenye vizibo viwili au vitatu. Mtu aliyekulia huku akiona atataja mwezi bila kuambiwa. Hicho ndicho kipimo changu cha kitako kizuri: aliyezaliwa hapa ataje mwezi.

Anayebeba

Sasa swali la pili la bibi, lile la mlangoni.

Ukisimama Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora unapokutana na ule wa Azikiwe na Maktaba, utaona askari wa shaba ameinama mbele na singe yake. Sanamu ile, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927. Yuko peke yake. Mchongaji huyo huyo alitengeneza sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928, na kule mpagazi amesimama pamoja na askari. Watu wa Dar es Salaam hawakunyimwa kumbukumbu ya mpagazi, ila iliwajia kwa mlango mwingine: Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, lililopita kwenye ndimi zetu, na Nairobi wana Kariokor yao.

Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu zao wenyewe zinataja vifo visivyopungua 95,000. Wabelgiji walitumia zaidi ya 200,000. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Kilichowamaliza ni kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Mtu aliyezoea ndizi na maharage alipewa unga wa mahindi asioujua kuupika, bila kuni za kutosha wala muda, na tumbo likamwangusha njiani. Kiswahili kilisikika pande zote mbili za vita, na amri nyingi alizopewa mpagazi huenda zilikuwa kwa lugha ninayoiandikia sasa.

Kwa hiyo katika jeshi la watu 36, ishirini ni wao, na bado nimewapunguza; misafara ya kweli ilikuwa na wapagazi wengi zaidi kwa kila askari. Kwenye majeshi ya mezani niliyoyaona pichani, mpagazi huwekwa mmoja au wawili pembeni, kama pambo. Hilo ni kosa la hesabu kabla halijawa kosa jingine lolote.

Kumfinyanga mpagazi ni rahisi kuliko askari, kwa sababu shuka iliyofungwa kiunoni huishikilia miguu. Ugumu uko shingoni. Aliyebeba kilo 25 au 30 kichwani hainami. Shingo inanyooka, kidevu kinarudi ndani, macho yanatazama hatua tano mbele, mgongo unajikaza kwa chini. Mwombe mtu wa nyumbani ajitwishe ndoo ya maji, umtazame kwa upande. Mkono mmoja ushike mzigo, mwingine fimbo. Miguu mitupu: chora vidole vyote kumi kwa sindano, kwa sababu askari ana buti na huyu hana, na tofauti hiyo ionekane hata kwa anayetazama kutoka upande wa pili wa meza.

Kila mzigo uwe na jina lake. Sanduku la risasi, kipande cha mbao. Gunia la unga, kitambaa kilichojazwa mchanga na kushonwa. Miguu mitatu ya bunduki ya mashine, vijiti vilivyofungwa pamoja. Kitanda cha safari cha ofisa. Ngata chini ya mzigo nazitengeneza kwa ganda la mgomba lililokauka, lililosokotwa mara mbili. Wanawake wawili wa msafara, wake wa askari waliofuatana na waume zao kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, mmoja ana chungu kichwani na mwingine ana mtoto mgongoni. Mtoto yule ana urefu wa sentimita moja na nusu, na nilimpaka uso siku nzima.

Mezani

Kanuni zangu za mchezo zinaingia kwenye ukurasa mmoja, na mbili tu ndizo zinazohusu sura hii.

Ya kwanza: bunduki ya mashine hailii kama hakuna wapagazi wanne ndani ya urefu wa rula moja kutoka ilipo. Askari hafyatui zamu ya tatu mfululizo bila sanduku la risasi kumfikia. Vijana wanaokuja kucheza kwangu huanza kwa kusukuma askari mbele kwa haraka. Katika mchezo wa pili wanaanza kugeuka nyuma kutazama wapagazi wako wapi.

Ya pili: mwanzo wa kila zamu, kabla ya risasi yoyote, tupa dadu moja kwa ajili ya msafara. Ikitoka moja, mpagazi mmoja anabaki njiani. Hakupigwa na mtu. Mwinue kutoka kwenye nta yake, umweke kwenye kisanduku, lakini kizibo chake usikiondoe. Askari akiuawa, fanya vivyo hivyo. Katika michezo mingine yote ninayoijua, aliyekufa huondolewa mzima na meza inabaki safi. Hapa kizibo kinabaki palepale, na udongo wake, na shungi lake la nyasi, na alama mbili za nyayo katikati.

Mchezo mmoja huchukua saa mbili. Ukiisha, ukasimama upande wa mlangoni na kutazama kuelekea Kigoma, unaiona njia iliyopita msafara. Hakuna aliyeichora. Imeandikwa na vizibo vitupu.

Kuvikusanya ni sehemu ya kazi, na ninataka wachezaji wote wawili washiriki, aliyeshinda na aliyeshindwa. Toa visanamu kwenye kisanduku kimoja kimoja, umtafutie kila mmoja kizibo chake. Sikuviandika namba. Utamjaribu mtu kwenye kizibo hiki, hakai. Kwenye kile, kisigino kinabaki nje. Usimlazimishe, kifundo kitavunjika. Endelea kujaribu. Wafinyanzi hatutengenezi mguu mmoja mara mbili, na unyayo wa huyu haumkai yule. Ukiupata wa kwake, atazama polepole na kusimama bila kushikwa.